Mji Huonekana Umbali Gani?

Katika Mahubiri ya Mlimani Bwana wetu Yesu Kristo aliwafananisha wanafunzi wake na mji uliojengwa mlimani. Mji wa namna hiyo, alisema, hauna jinsi ya kujificha. Papo hapo akaongeza mfano wa taa, akawaagiza waiache nuru yao ionekane na watu, ili watu hao wamtukuze Baba aliye mbinguni (Mathayo 5:14–16). Sura moja tu baadaye, katika mahubiri hayo hayo, aliwaonya wasitende wema wao kwa kusudi la kutazamwa. Anayetoa sadaka asijitangaze. Hata mkono wake mmoja usipate habari za mkono wa pili (Mathayo 6:1–4).

Wengi wetu tumeyasikia mafundisho haya mawili tangu darasa la kipaimara bila kuyaweka pamoja. Tukiyaweka pamoja yanatusumbua. Je, tuonekane au tusionekane? Na kama ni kuonekana, iwe kwa umbali gani?

Swali hili linaingia katika vikao vya baraza la wazee, pale tunapojadili kama mnara wa kanisa upandishwe zaidi ili uonekane kutoka barabara kuu, wakati paa la nyumba ya mwinjilisti linavuja. Linaingia katika simu zetu, tunapopiga picha ya kukabidhi unga na sabuni kwa watoto yatima na kuituma katika kundi la usharika kabla gari halijaondoka uani. Linaingia pia moyoni mwa mama anayemuuguza mama mkwe wake mwaka wa tisa sasa, wala jina lake halijawahi kutajwa katika matangazo ya Jumapili. Huyo naye anajiuliza kama nuru yake imeonekana na yeyote.

Kwa kuwa Bwana alichagua mfano wa mji, tuanze na mji wenyewe. Majengo ya jiji huonekana kutoka umbali gani, na kwa sababu gani? Jibu la swali hilo la kawaida litatusaidia kulifikia lile gumu.

Kimo, mahali pa kusimama, na hewa

Mtu mzima aliyesimama ufukweni, miguu ikiguswa na maji, huona uso wa bahari mpaka umbali wa kilomita 5 hivi. Hapo ndipo upeo wa macho yake ulipo. Macho yake hayana kosa. Dunia ni mviringo, na kutoka pale aliposimama inainama na kushuka chini ya mstari wa macho yake. Akipanda juu ya mnazi, upeo unasogea mbele. Akipanda mlima, unasogea zaidi. Hesabu yake si ngumu: chukua kimo cha macho kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 3.57, nawe utapata umbali wa upeo kwa kilomita.

Jengo nalo lina upeo wake. Kilele cha jengo la mita 150 kina upeo wa kilomita 44 hivi. Kwa hiyo mtu aliye ufukweni anaweza kukiona kilele hicho akiwa mbali nacho kwa karibu kilomita 49, yaani 44 za jengo na 5 za kwake mwenyewe. Zaidi ya hapo bahari inakaa kati yao.

Tuchukue Dar es Salaam. Karibu na bandari yake sasa yako majengo yenye kimo cha mita 150 hivi. Kutoka hapo hadi mji wa Zanzibar ni kiasi cha kilomita 70 kwa mstari ulionyooka juu ya maji. Basi anayekaa jioni pale Forodhani akitazama upande wa bara hawezi kuyaona majengo hayo, hata anga iwe safi namna gani. Ili kilele kionekane kutoka pale, jengo lingehitaji kimo cha mita 300 hivi. Lakini abiria wa boti inayotoka Unguja, kadiri anavyokaribia, huanza kuona vilele vikitokea majini kama nguzo zisizo na msingi. Baadaye huziona ghorofa za kati. Mwisho kabisa ndipo huziona gati, mitumbwi, wachuuzi na wapagazi. Wavuvi wetu wanalijua hili tangu zamani: chombo kinachokwenda mbali hutangulia kupoteza mwili, tanga likabaki nyuma kwa muda kabla nalo halijazama.

Kimo cha mji ni jambo la kwanza, na mahali aliposimama mtazamaji ni jambo la pili. Jambo la tatu ni hewa iliyo kati yao, nayo ndiyo hutushangaza zaidi.

Mwezi Mei mwaka 2020, siku za janga la korona, ilisambaa picha iliyoonyesha majengo ya Nairobi na nyuma yake Mlima Kenya, vilele vyake vikionekana waziwazi. Watu wengi walibisha. Walisema picha imetengenezwa, kwa kuwa wao wameishi Nairobi miaka mingi na hawajauona mlima huo ukiwa hivyo. Lakini mlima una kimo cha mita 5,199 na uko karibu kilomita 140 kutoka jijini. Kwa kimo kama hicho, hesabu ya upeo inaruhusu uonekane bila shida. Kinachouficha siku nyingi ni mawingu, vumbi na moshi. Mlima haukusogea hata hatua moja siku ile. Ulikuwapo siku zote ambazo haukuonekana.

Hewa huweza pia kufanya kinyume chake. Huko Marekani, mji wa Chicago uko kando ya Ziwa Michigan, na jengo lake refu kuliko yote lina mita 442. Watu wa ng'ambo ya ziwa, umbali wa kilomita 90 hivi, kwa kawaida hawaoni kitu, au wakipanda vilima vya mchanga huona ncha za majengo tu. Lakini ziko siku ambapo hewa baridi hukaa juu ya maji na hewa ya joto ikatanda juu yake. Nuru ikipita katika tabaka hizo hupinda, ikafuata mviringo wa dunia. Ndipo mji mzima huonekana umesimama juu ya ziwa, mrefu na wa karibu, kana kwamba umeinuliwa kwa mikono. Mwaka 2015 picha ya namna hiyo iliwashangaza wengi. Wazee wetu waliyaita maono ya aina hii mazigazi. Chicago haikuwa imekua hata mita moja usiku ule.

Tukiiweka mifano hii miwili pamoja, tunaona kwamba umbali ambao kitu kinaonekana si kipimo cha kitu chenyewe. Hewa huweza kuuficha mlima wa kweli, na huweza kuupa mji kimo usichokuwa nacho. Hewa hiyo, katika maisha yetu, ni maneno ya watu. Uvumi, fitina na dharau ni moshi. Sifa za haraka, hasa zinazosafiri kwa simu, ni ile hewa yenye tabaka inayoinua. Hakuna mmoja wetu anayeitawala. Mkristo anayepima uaminifu wake kwa namna anavyoonekana amechukua kipimo kinachobadilika kila asubuhi pamoja na hali ya hewa.

Kutoka mbali huonekana kilele tu

Liko funzo jingine katika safari ile ya boti. Aliye mbali huona kilele peke yake. Miguu ya mji hufichwa na mgongo wa bahari. Kutoka kilomita 40 hakuna anayeweza kuona mtaro uliojaa taka, wala mama anayeuza vitumbua alfajiri, wala kijana aliyelala chini ya meza ya soko.

Vijana wengi walivutwa na kilele namna hii. Waliyaona majengo katika picha, wakauza mbuzi, wakapanda basi. Walipofika ndipo walipokutana na miguu ya mji. Hatuwalaumu, ndivyo macho ya mbali yalivyo. Na makanisa yetu nayo huwavuta watu kwa vilele: kwaya yenye sare mpya, vyombo vya muziki, mkutano mkubwa wa injili uwanjani. Haya yote yanaweza kuwa mema. Lakini anayevutwa na kilele atafika, na akifika atasimama chini, karibu na miguu yetu. Ataona tunavyolipana, tunavyogombania nafasi za uongozi, tunavyomsalimia mlinzi wa lango. Kama hakuna mema huko chini, tutakuwa tumemwita kutoka mbali aje kujionea kwamba hatuna kitu.

Makanisa mawili ya zamani yaliyo mbele ya bandari ya Dar es Salaam yanatufundisha zaidi. Kanisa la Kilutheri la Azania Front lilianza kujengwa mwaka 1898, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la ndugu zetu Wakatoliki ni la miaka hiyo hiyo. Katika siku zile mji ulikuwa wa nyumba fupi, na mtu aliyeingia bandarini kwa meli aliiona minara ya makanisa hayo ikisimama juu ya paa na minazi. Leo anayekuja kwa boti huona kwanza majengo ya ofisi. Minara ile imemezwa. Yapo majengo ya jirani yanayoitazama kutoka juu.

Je, makanisa hayo yamepungua? Minara ina kimo kile kile ilichokuwa nacho. Kengele zinalia. Watu wanabatizwa, wanafunga ndoa, wanawaaga wafu wao. Aliye kwenye meli hayaoni tena kwanza, lakini mpiti njia aliyechoka kwa jua la mchana anaweza kuingia, akaketi kwenye kivuli, akaomba. Kwa huyo kanisa linaonekana vizuri kuliko ghorofa lolote la jirani, maana mlango wake uko usawa wa miguu yake.

Wengine husema kwamba kwa sababu hiyo nasi tujenge minara mirefu zaidi, tusishindwe na benki. Hatuamini kwamba Kristo aliliweka kanisa katika mashindano hayo. Yakiwapo, tutashindwa, maana wenye fedha nyingi kuliko sisi watakuwapo daima. Tena hata tukishinda tutakuwa tumeshinda kwa jambo ambalo hatukuagizwa.

Taa iliwashwa kwa ajili ya nani?

Turudi sasa kwa Bwana mwenyewe. Alihubiri Galilaya, nchi ya vilima kuzunguka ziwa. Ng'ambo ya ziwa, upande wa mashariki, juu ya kilima kirefu, ulikuwapo mji wa Kiyunani ulioitwa Hippos, mmojawapo wa miji ya Dekapoli. Baadhi ya wataalamu wa Biblia wamefikiri kwamba huenda ndio mji aliokuwa nao akilini, kwa kuwa usiku taa zake zingeweza kuonekana na watu wa upande wa Kapernaumu. Iwe huo au mwingine, wasikilizaji wake walikijua alichokuwa akikisema. Walikuwa wameona taa za kilimani wakiwa katika mashua zao usiku.

Sasa tujiulize taa hizo ziliwashwa kwa ajili ya nani. Hakuna mama wa Hippos aliyewasha taa ili mvuvi wa Kapernaumu amwone. Aliwasha ili apate kuwalisha watoto. Fundi aliwasha ili amalize kazi yake, na mwenye mgonjwa aliwasha ili ampe dawa. Watu wakaishi, wakawashiana taa, na mwanga uliopita dirishani ukashuka ziwani wenyewe. Aliyekuwa majini akajua kwamba pale juu kuna watu.

Ndiyo sababu, tunaamini, Bwana aliuweka mfano wa taa mara tu baada ya mfano wa mji. Taa ile huwekwa juu ya kiango, nayo huwaangazia waliomo nyumbani. Hakuitaja barabara wala jirani wa mbali. Aliwataja wa nyumbani. Mji usiofichika umetengenezwa na nyumba nyingi ambamo kila moja imewashiwa taa wenyeji wake. Kuonekana kwa mbali ni matokeo ya kuangaziana kwa karibu.

Wataalamu wa taa za barabarani wanalo jambo la kutuongezea. Usiku, juu ya jiji kubwa, hutanda mwanga hafifu angani ambao huonekana kutoka mbali kuliko majengo yenyewe. Msafiri huuona akiwa bado porini, akasema tunakaribia. Lakini sehemu kubwa ya mwanga huo ni hasara. Ni mwanga uliotoka katika taa zisizo na kofia, ukaenda juu badala ya kushuka, ukagonga vumbi na matone ya maji hewani, ukatawanyika. Umeme wake umelipiwa, lakini haukumulika shimo ambalo mtu alitumbukia. Taa iliyotengenezwa vizuri huvikwa kofia ili mwanga wote uanguke njiani. Taa hiyo huonekana kidogo zaidi kutoka mbali, na anayepita chini yake huona vizuri zaidi anapokanyaga.

Hapa ndipo, kwa maoni yetu, mafundisho yale mawili ya Bwana yanapokutana. Asemapo taa isifunikwe, anatukataza woga: tusiizime imani yetu kwa hofu ya kuchekwa au kupoteza kazi. Asemapo wema usitangazwe, anatukataza kuigeuza taa ielekee angani. Taa ni ile ile na amri ni moja: mwanga uanguke mahali ambapo mtu anatembea.

Lakini ziko taa zilizowashwa makusudi ili zionekane mbali, na hatuwezi kuzipita. Katika kisiwa cha Chumbe, kusini ya mji wa Zanzibar, uko mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Uliinuliwa juu ili mwanga wake ufike mbali baharini, na hakuna anayeuita mnara huo wa majivuno. Sababu ni kwamba walio mbali ndio wanaouhitaji. Nahodha anayepita usiku hana haja ya kujua mlinzi wa taa anaitwa nani. Anahitaji kujua miamba iko wapi. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila kinachoonekana mbali ni ubatili. Mhubiri wa redioni, mwandishi, askofu anayesimama hadharani kukemea dhuluma, hao wanaweza kuwa minara ya taa. Swali la kuwauliza, na la kujiuliza, ni lile lile: mwanga huu ni kwa ajili ya nani? Ukiwa ni kwa ajili ya aliye hatarini, upandishwe juu kadiri inavyowezekana. Ukiwa ni kwa ajili ya mwenye taa, kimo chake hakisaidii kitu.

Picha za sadaka zetu

Tulijaribu kusema mwanzoni kwamba swali hili limo katika simu zetu. Tulikabili sasa.

Wanaotetea picha za kukabidhi misaada wana hoja, na hoja zao si nyepesi. Waliochanga wana haki ya kujua fedha zao zimekwenda wapi. Kazi inayofanyika gizani ni rahisi kuibwa; tumeyaona hayo hata makanisani. Tena mtu akiona wenzake wametoa, naye huguswa akatoa. Wanaopinga nao wanasema kwamba tumezigeuza nyuso za maskini kuwa mabango. Mtoto aliyepewa kilo mbili za unga anatakiwa kusimama mbele, atabasamu, na kesho wenzake shuleni wanamwita mtoto wa msaada.

Maandiko yanatupa mfano wa tatu. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, tunasoma habari za Tabitha wa Yafa, ambaye pia aliitwa Dorkasi. Alikuwa mwingi wa matendo mema na sadaka. Alipokufa, Petro aliitwa, naye alipopanda orofani alikuta wajane wakilia, wakimwonyesha nguo ambazo Tabitha aliwashonea alipokuwa hai. Wema wake ulionekana basi, tena hadharani, mpaka umeandikwa na unasomwa hata leo. Lakini walioonyesha ni wajane wenyewe. Nguo zilikuwa zao, na machozi yalikuwa yao. Tabitha, kadiri tunavyosoma, alikuwa akishona.

Kwa hiyo haki ya kuuonyesha wema iko kwa aliyeupokea. Akipenda kusema, na aseme, nasi tutamshukuru Mungu pamoja naye. Asipopenda, anyamaziwe. Mtoaji ana wajibu mwingine, wa hesabu. Na hesabu inatimia bila uso wa mtu: taarifa iliyoandikwa, stakabadhi, idadi ya magunia, sahihi za mashahidi wawili, kusomwa mbele ya usharika. Usharika unaofanya hivyo unawaheshimu waliochanga na waliopokea kwa pamoja. Tunajua kwamba taarifa ya namna hiyo haisisimui kama picha, na kwamba pengine michango itapungua kwa muda. Hiyo ni gharama ya kweli. Tunaona heri kuilipa kuliko kumlipisha mtoto.

Kwa wasioonekana

Linabaki neno kwa yule mama anayemuuguza mama mkwe wake, na kwa wote walio kama yeye. Yumo mtunza hazina wa usharika mdogo wa kijijini ambaye vitabu vyake havijawahi kupotea shilingi. Yumo baba aliyelea watoto wa marehemu ndugu yake bila kuwabagua na wake. Yumo kijana aliyekataa rushwa, akakosa kazi, na hakumweleza mtu.

Ndugu hawa mara nyingine husikia mahubiri juu ya mji ulio mlimani wakaondoka na majonzi, wakidhani nuru yao imeshindwa kwa kuwa haijafika mbali. Kwao tunasema: kumbukeni mnara na bahari. Kutoonekana kuna sababu nyingi, na karibu zote hazina uhusiano na taa. Huenda watazamaji wamesimama chini mno. Huenda kuna moshi kati yenu. Huenda jengo refu la mtu mwingine limejengwa mbele yenu. Mlima Kenya haukuacha kuwa mlima katika siku zote ambazo Nairobi haikuuona. Na yule mgonjwa kitandani, ambaye kila saa nane usiku hugeuzwa upande asipate vidonda, yumo ndani ya nyumba ambamo taa inawaka. Kwa agizo la Bwana wetu, huyo ndiye aliyetajwa wa kwanza.

Lakini neno hili lisiwe mto wa kulalia sisi wengine. Mama huyo hapaswi kubaki hivyo kwa sababu tu Mungu anamwona. Ikiwa jumuiya yake haijui kwamba anauguza, kosa ni letu. Tumekuwa tukitazama vilele vya mbali tukaipita nyumba ya tatu kutoka kanisani. Kumwona ni wajibu wetu, na kumwona maana yake ni kumpokea zamu usiku mmoja ili alale.

Mji wa Hippos uliharibiwa na tetemeko la ardhi mwaka 749. Kilima bado kipo na huonekana vizuri kutoka ng'ambo ya ziwa, lakini juu yake yamebaki magofu, yakiwemo ya makanisa. Kimo hakikuulinda, na hakitatulinda sisi. Miji hupita, minara hupitwa na minara mingine. Neno alilolisema Bwana kando ya ziwa lile lingali likifanya kazi kila mahali ambapo mtu amemwashia mwenzake taa.

Basi katika kikao kijacho, kabla hatujauliza kanisa letu linaonekana kutoka kilomita ngapi, tuulize lina habari gani za nyumba zilizo ndani ya mita mia moja kutoka mlangoni pake. Nani anaumwa humo? Nani amefiwa, nani hajala, nani amegombana na mwanawe? Tuanzie hapo kuwasha. Mwanga ukivuka dirisha ukamfikia mtu aliye majini, tutamshukuru Mungu kwa hilo, pengine bila kulijua kamwe.